Nilivyoitafuta sauti ya marehemu mke wa Fundi Melkiori kwenye diski, kutoka Kasulu hadi Kibondo

Wakuu, nawasalimu wote, mnaosoma na kupita na mnaosoma na kukaa.

Mimi si mwandishi. Ni mama wa Kinyiramba niliyefika Kasulu kwa kumfuata mume wangu, afisa mifugo, nikaishia kufungua duka la stationery na studio ya picha. Ninachoandika hapa kimenitokea mimi mwenyewe. Majina tu nimeyageuza kidogo, mengine nimeyaacha yalivyo.

Nimekuja kwenye jukwaa hili la kompyuta kwa sababu juzi mdau mmoja aliuliza kama kweli kuna haja ya kutenganisha mafaili kwenye diski tofauti, au mtu arundike tu kila kitu kwenye C maisha yaendelee.

Nilitaka nimjibu mistari miwili. Nikashindwa. Ndiyo maana nafungua uzi.

Tuanzie 2012.

Dukani nilikuwa na kompyuta moja, desktop ya mtumba. Ndiyo iliyofanya kila kitu. Ichape barua za watu, itoe passport size, ijaze nyimbo kwenye memory card za wateja, na ihariri video za harusi.

Video alikuwa anapiga kijana wangu wa kazi, Zabron, mwenyeji wa Kumsenga kule Kibondo. Kijana mwenye jicho zuri la kamera, ila mafaili alikuwa anatupa kama mtu anayemwaga maganda ya ndizi.

Kila kitu kwenye desktop. Ukifungua kompyuta unakutana na "harusi mpya", "harusi mpya mpya", "hii ndiyo yenyewe", "usifute". Ile "hii ndiyo yenyewe" mara nyingi haikuwa yenyewe.

Halafu wateja wanakuja na flash zao zimejaa virusi. Wenye studio miaka ile mnakumbuka, folda zinajificha zinabaki shortcut. Asubuhi moja mashine ikagoma kabisa kuwaka. Nilikaa na bibi harusi mbele yangu anasubiri DVD yake, nikatamani ardhi ipasuke.

Fundi wa kompyuta alifanikiwa kuokoa mafaili. Jioni namsimulia mume wangu, akacheka, akaniambia, "Mama Neema, sisi kwenye mifugo ng'ombe mgonjwa halali zizi moja na wazima. Wewe umewalaza wote pamoja, tena na ndama."

Kidokezo cha mtu wa mifugo, wakuu, lakini kilinikaa.

Nikanunua diski ya pili nikafunga ndani, na external za kuweka pembeni. Nikaweka utaratibu. C ni Windows na programu tu, ikifa ife peke yake. D ni kazi zilizokwisha kuhaririwa, folda nikaiita ZILIZOIVA. External ni zile video zenyewe kama zilivyotoka kwenye kamera, hazijakatwa, hizo nikaziita MBICHI. Ndani ya kila folda kuna mwaka, ndani ya mwaka kuna jina la shughuli, mwenye shughuli na mahali.

Zabron alilalamika wiki nzima kwamba namfundisha kupanga vyombo. Baadaye akazoea.

Mnaofanya kazi hizi mnajua video mbichi zinakula nafasi vibaya. Utaratibu ulikuwa mteja akishachukua DVD yake, nafasi ikibana, mbichi zinafutwa.

Sasa mwaka ule ndio kambi ya Warundi iliyokuwa jirani na sisi ilikuwa inafungwa. Watu waliokaa huku miaka na miaka, wengine wamezaliwa hapahapa, wanarudi kwao. Kabla hawajaondoka zilifungwa ndoa nyingi mle, na nyingi tulipiga sisi.

Walipokwisha kuondoka, Zabron akaniuliza, "Dada, hizi mbichi za kambini tufute? Wenyewe wameshaenda kwao. Tunamtunzia nani?"

Nikamwambia acha kwanza.

Sikuwa na sababu ya maana. Ilikuwa tu kila nikitaka kufuta nakumbuka wale watu, mkono unakuwa mzito.

Mmoja wa walioondoka alikuwa Fundi Melkiori.

Huyu alikuwa fundi cherehani. Siku ambazo alikuwa na kibali cha kutoka kambini alikuja kushonea barazani kwangu. Hakuwa mtu wa maneno. Maneno alikuwa nayo mke wake, Spesiyoza.

Spesiyoza ulikuwa unamsikia kabla hujamwona. Anatokea kule sokoni anasalimia watu wote njiani, kwa Kirundi, kwa Kiswahili chao cha kambini, na kwa Kiha akiwachokoza wenyeji. Akifika barazani anamletea mume wake muhogo, anakaa pembeni, anaanza kunieleza habari za watu ambao siwajui mpaka nawajua.

Kamera aliiogopa. Ukiishika tu ameshavuta kitenge usoni. Anasema, "Sura yangu ni ya shamba, muiache ikae shamba." Tukimbembeleza tumpige bure na mume wake, anacheka, anakimbia.

Wakaondoka na wenzao. Baraza likabaki na alama za miguu ya cherehani kwenye saruji.

Mwaka 2014 Zabron akaamua kurudi kwao kufungua studio yake Kibondo mjini. Tuligawana vifaa kwa amani. Akachukua kamera ndogo na external moja, ile kubwa, kwa sababu mimi nilibaki na mbili. Ndani yake kulikuwa na mbichi zote za 2012. Nikamwomba jambo moja tu, kwamba kabla hajafuta folda zangu aniambie.

"Dada, zako sizigusi," akasema.

Basi maisha yakaendelea, mpaka mwaka uliofuata.

Mwaka 2015 mnakumbuka, Warundi wakaanza tena kuvuka mpaka kukimbilia huku, wakapokelewa kwenye kambi nyingine jirani na sisi. Kasulu ikajaa magari na sura ngeni. Lakini nyingine hazikuwa ngeni. Uko sokoni unashangaa mtu anakuita Mama Neema, kumbe ni yule uliyemuaga kwa machozi 2012. Amerudi na mfuko wa plastiki mkononi.

Siku moja ya soko nainua kichwa, naona mwanaume amesimama barazani. Haingii. Anaangalia chini pale cherehani ilipokuwa inakaa.

Nikasema, "Fundi Melkiori?"

Akasema, "Ni mie, Mama Neema."

Alikuwa amekonda. Nikamwingiza ndani, nikampa kiti, nikaagiza chai. Nikangoja kusikia sauti ya mke wake kutoka nje, maana nilijua lazima amesimama mahali anaongea na mtu. Kimya.

"Mama yuko wapi?" nikauliza.

"Spesiyoza alikufa," akasema. "Mwaka jana. Alishikwa na tumbo, hospitali ikawa mbali."

Nikampa pole. Akapokea.

Chai ilipoisha akaniambia kilichomleta. Alisema picha ya mke wake hana hata moja. Ile ya kitambulisho ilibaki kwenye nyumba, na nyumba waliondoka bila kufunga mlango. Simu ilipotelea njiani.

"Lakini ile harusi ya binti wa Yustasi, kule kambini," akasema. "Spesiyoza alikuwa anapika. Kijana wako alipita jikoni na kamera. Mimi nakumbuka, nilikuwa napasua kuni. Mnayo bado hiyo?"

Yustasi alikuwa jirani yao wa kambini. Harusi hiyo niliikumbuka vizuri.

Nikafungua D, ZILIZOIVA, 2012, ikawa hiyo hapo. Sikutafuta hata kidogo. Nikajisikia fahari. Nikamgeuzia kioo, nikabonyeza.

Wakuu, aliangalia harusi nzima. Maharusi wanaingia, keki, ngoma, zawadi, wazee wanatoa nasaha. Alikaa mikono katikati ya magoti, hakupepesa. Ilipofika mwisho akaniuliza taratibu.

"Jikoni mmetoa?"

Ikabidi nimwambie ukweli. "Jikoni huwa tunatoa, Fundi. Mwenye harusi hataki kuona moshi."

Akaitikia kwa kichwa. Akaanza kutafuta kofia yake.

Nikamzuia. Nikamweleza kwamba kilichokatwa kwenye DVD si lazima kiwe kimepotea. Kuna video mbichi, na mbichi ya harusi ile ipo kwenye diski nyingine, na diski iko Kibondo kwa Zabron. Nikampigia Zabron palepale, Fundi akiwa ananiangalia mdomoni.

Zabron akasema, "Dada, ile external ilidondoka. Tangu hapo ukiichomeka inagonga ndani, ka, ka, ka. Mafaili yako sijafuta, lakini sijui kama yapo."

Nikamwambia asiichomeke tena mpaka nifike.

Wengine mtauliza kwa nini asiniletee kwa basi. Diski inayogonga, uiweke kwenye mzigo, kwenye barabara ile ya miaka ile? Ingefika unga. Nikaamua niende mimi na diski mpya, tukatoe hukohuko.

Mume wangu akauliza, "Unaenda Kibondo kwa ajili ya jikoni?"

Nikamwambia, "Kwa ajili ya jikoni."

Akanitazama, akaenda kunitafutia koti la vumbi.

Nilisafiri na diski mpya nimeifunga kwenye kitenge, mapajani. Tulisimama Busunzu watu wakanunua ndizi mbivu, mimi sikushuka kwa kuogopa mtu asije akaikalia. Njia nzima nilikuwa nawaza sura ya Melkiori akitafuta kofia.

Zabron alinipokea vizuri, studio yake safi, ukutani kapanga picha za watu wa Kibondo kwa mistari. Nikacheka moyoni. Yule wa "hii ndiyo yenyewe".

Umeme wa Kibondo wakati ule ulikuwa wa jenereta, unakuja na kuondoka unavyotaka, lakini alikuwa na UPS, ile betri inayoshikilia kompyuta dakika chache umeme ukikatika. Tukachomeka ile external.

Ka, ka, ka.

Kompyuta haikuiona. Tukachomoa, tukaiacha ipoe, tukabadilisha waya, tukaiweka imelala ubavu. Safari hii ikatokea.

Hapa ndipo ninapotaka yule mdau aliyeuliza swali asome kwa utulivu.

Diski inayokufa haikupi nafasi ya kuzungukazunguka. Laiti mle ndani kungekuwa na "harusi mpya mpya", tungefungua moja moja mpaka ifie mikononi. Tulienda moja kwa moja. MBICHI, 2012, Harusi_binti_Yustasi_kambini. Ikafunguka. Vipande vingi, vina namba tu.

"Jikoni ulienda saa ngapi?" nikamuuliza Zabron.

Akafumba macho. "Mwanzoni, dada. Maharusi hawajafika. Nilikuwa naenda kuomba chai."

Basi tukaanza na vya mwanzo. Cha kwanza kikahama, kidogo kidogo, ule mstari wa kijani unatembea kama konokono. Cha pili kikagoma katikati, tukakiruka. Cha tatu kinaendelea, umeme ukakatika.

UPS ikaanza kulia. Zabron akasimama, akakaa, akasimama tena. Mimi niliweka mkono juu ya meza tu, sijui nilidhani naisaidia nini. Kikamalizika. Cha nne kikahama. Cha tano kilipoanza, external ikagonga mara moja kwa nguvu, ikanyamaza.

Haikuwaka tena. Mpaka leo haijawaka. Kila kilichokuwa mle, watu wote wale wa 2012 kabla hatujakata, kimebaki humo. Huwa nawaza jikoni nyingine ngapi zimo mle.

Umeme uliporudi tukafungua tulichookoa. Cha kwanza ni watu wanafunga turubai. Cha tatu ni watoto wanakimbilia kamera.

Cha nne ni moshi.

Masufuria, kuni, wanawake wameinama. Kamera inasogea kwa mmoja aliyeshika mwiko, na yeye ameshavuta kitenge usoni. Sauti yake ikatoka chini ya kitenge, ileile.

"We Zaburoni, ondosha hiyo kitu yako hapa, maharage yangu itaungua."

Wenzake wanacheka. Anageuka, anatupa mgongo. Halafu anapaza sauti kuelekea kwenye kuni.

"Melkiori. Melkiori we. Kuja na chumvi."

Kamera ikazimwa. Ndivyo ilivyoishia.

Zabron akawa anafuta meza ambayo haikuwa chafu. "Ningekaa kidogo tu," akasema. "Nilikuwa na haraka ya chai."

Nikamwambia hakuna aliyejua.

Mimi nilikuwa nimeenda mbali kimawazo. Mama yangu alifariki Kiomboi kabla sijamiliki simu ya kurekodi. Picha yake ninayo, imekaa sebuleni, kavaa gauni la kanisani, hacheki. Lakini alivyokuwa ananiita nikiwa nimechelewa kisimani, ile namna ya kuvuta jina langu mwishoni, najaribu kuikumbuka na kila mwaka inakuwa kama naibuni mimi. Nilikaa pale kwa Zabron nikamtamani mama yangu kama mtoto.

Kurudi Kasulu nilikuwa na wasiwasi. Mtu ameomba sura ya mke wake, mimi namletea kitenge na mgongo.

Siku ya soko akaja. Nikamwambia kabla, "Fundi, sura haionekani. Alijificha."

Akatabasamu kidogo. "Angejionyesha nisingeamini ni yeye."

Nikabonyeza.

Aliposikia yale ya maharage alitikisa kichwa kama mtu anayesikia ugomvi aliouzoea. Lakini ile sauti ilipoita "Melkiori", wakuu, alifanya kitu ambacho sikukitegemea. Aliinuka nusu kwenye kiti. Akajibu, kwa sauti ndogo ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeshika kazi nyingine mkononi.

"Ndaje."

Watu wa huku hamhitaji kuelezwa. Kwa wengine, ni kusema nakuja.

Kioo kilikuwa kimeshazima. Alibaki vile, nusu amekaa nusu amesimama. Halafu akashuka kwenye kiti, akaweka viganja usoni. Nikatoka nje nikamwachia nafasi. Mteja akaja anataka photocopy, nikamwambia mashine mbovu.

Niliporudi aliniomba irudiwe. Tukairudia mara nyingi. Hakujibu tena, alisikiliza tu.

Mwisho akaniambia, "Tangu afe hakuna aliyeniita hivyo, Mama Neema. Huku mnaniita Fundi. Watoto wananiita mzee. Kule kambini wanasoma namba ya kadi yangu. Nilikuwa nimeanza kusahau jina hilo ni la nani."

Nilimkatia kile kipande, nikamwekea kwenye memory card ya kisimu kidogo alichokuwa amepewa na mpwa wake. Nakala moja nikaiweka D, nyingine kwenye external ninayoifungia kabatini, nyingine nikampelekea Zabron.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyeuliza, jibu langu ni ndiyo, tenganisha. Mfumo na programu vikae peke yake. Kazi zako zikae diski nyingine. Kile ambacho huwezi kukipata tena hata ukilia, kiweke sehemu zaidi ya moja, na diski hizo zisikae nyumba moja. Mimi cha Spesiyoza kilikuwa sehemu moja, kilipona kwa bahati na UPS. Vyenzake havikupona.

Na folda ipe jina ambalo mtu mwingine atalielewa, kwa sababu siku ya kutafuta huenda usiwe wewe unayetafuta.

Lingine, na hili silo la kompyuta. Msipende sana kupiga watu wakiwa wamesimama wamenyooka. Waacheni waongee. Warekodini wakigombana na maharage.

Fundi Melkiori hakukaa sana Kasulu. Mwishoni mwa mwaka uleule walihamishiwa kambi ya upande wa Kibondo, akaniaga hapohapo barazani. Nikamwelekeza kwa Zabron, na nashukuru walipatana. Siku za soko anashona jirani na studio, na simu anachajia pale.

Zabron alinipigia karibuni, nikamuuliza kama Fundi bado anasikiliza ile sauti.

"Anasikiliza Jumapili tu, dada," akaniambia. "Nilimuuliza kwa nini asisikilize kila siku na chaji nampa bure. Akasema akisikiliza kila siku atazoea, itakuwa kama redio. Anataka akiitwa, ashtuke."

Nimemaliza, wakuu. Mwenye swali la diski aulize, nitajibu ninachokijua. Na kama una sauti ya mtu wako imejificha kwenye flash fulani ya zamani au simu iliyovunjika kioo, nenda kaitafute leo, kisha uje utuambie hapa ulisikia anasema nini.